Urafiki uliozaliwa katika kufasiri ngano za Wainuiti: Rink, Aron wa Kangeq na wenzao wa Nuuk

#1 – Mkalimani Mzee (mleta uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa ukalimani kati ya Kideni na Kiswahili, yaani kukaa katikati ya watu wawili wasioelewana na kupeleka maneno ya huyu kwa yule, na sasa kwa kuwa nimepata nafasi nimeanza kuhamishia katika Kiswahili ngano chache za Wainuiti, wenyeji wa asili wa Greenland. Sikuwa na nia ya kuandika juu ya historia. Nilichotaka ni hadithi tu. Lakini kila nilipokwama kwenye neno na kurudi nyuma kutafuta nani aliliandika kwanza, nilikutana na watu walewale wachache, na nikaanza kuona kwamba hadithi ya hao watu ni ngano nyingine inayostahili uzi wake.

Mwaka 1858 Hinrich Rink, Mdeni aliyekwenda Greenland mara ya kwanza miaka kumi nyuma akiwa mtaalamu wa miamba, alikuwa mkaguzi wa serikali ya Denmark kwa Greenland ya Kusini, na makao yake yalikuwa Godthaab, mji ambao leo unaitwa Nuuk. Mwaka huo alitoa tangazo kwa wenyeji wa pwani ya magharibi akiwaomba, yeyote awezaye, wamletee hadithi za kale zilizoandikwa kwa mkono wao na kwa lugha yao, pamoja na ramani na michoro. Msomaji wa leo anaweza kushangaa kwamba ombi kama hilo lilijibiwa na wavuvi na wawindaji wa sili, lakini ikumbukwe kuwa shule za misheni zilikuwa zimefundisha kusoma na kuandika huko kwa vizazi kadhaa. Karatasi zikaanza kuja. Nyingine zilisafiri kwa kayaki, zikiwa zimefungwa zisilowe.

Mmoja wa waliojibu alikuwa Aron, mwindaji wa Kangeq, kijiji cha kisiwani kwenye mdomo wa ghuba ya Nuuk. Alizaliwa mwaka 1822, na wakati tangazo linatoka kifua kikuu kilikuwa kimeanza kumlaza. Mwindaji asiyeweza kuingia kwenye kayaki, katika nchi ile, ni mtu aliyeondolewa kwenye maisha kabla ya kufa. Rink alimpelekea karatasi, kalamu na rangi za maji, na pia mbao za kuchonga michoro ya kupigwa chapa, naye akalala pale kitandani akaandika hadithi na kuzichora. Alichora vita vya mababu zake na wale Wanorse waliowahi kuishi Greenland zamani; alichora wachawi, majitu na watu waliokimbilia milimani. Alifariki mwaka 1869.

Wa pili ni Rasmus Berthelsen, mwalimu katika chuo cha ualimu cha Nuuk, aliyetunga wimbo wa Krismasi ambao Wagreenland wanauimba hadi leo, *Guuterput qutsinnermiu*. Wa tatu ni Lars Møller, ambaye watu wake walimwita Arqaluk, kijana aliyejifunza uchapaji kwenye mtambo mdogo wa Rink na baadaye akapelekwa Copenhagen kuuongeza ufundi huo. Na wa nne, ambaye vitabu vingi humtaja kwa mstari mmoja tu, ni Signe, mke wa Rink, aliyezaliwa Greenland kwenyewe mwaka 1836 na kukua akizungumza lugha ya wenyeji kabla hajajua kama kuna lugha yenye heshima zaidi.

Watu hawa, kati ya mwaka 1859 na 1863, walitoa pale Nuuk juzuu nne za *Kaladlit Okalluktualliait*, yaani hadithi za Wagreenland, zilizoandikwa na wenyeji na kuambatana na tafsiri ya Kideni. Katikati ya kazi hiyo, Januari 1861, wakaanzisha gazeti la *Atuagagdliutit* kwa lugha ya Kalaallisut, yaani Kigreenland. Berthelsen ndiye aliyekuwa mhariri wa kwanza, kisha mwaka 1874 Lars Møller akapokea na kulishikilia hadi mwaka 1922. Hebu fikirieni: yule kijana wa kupanga herufi aliondoka kwenye kiti cha uhariri akiwa na umri wa miaka themanini.

Hoja yangu ni hii, na ninaomba mnipinge kama mnaona nimepotoka. Ninaamini kwamba kati ya watu hawa palikuwa na urafiki wa kweli, na kwamba urafiki huo haukuitangulia kazi ya kufasiri bali ulitokana nayo. Mtu anapokuuliza maana ya neno la bibi yako, kisha akarudi kesho kuuliza tena kwa sababu jibu la jana halikumtosha, hamwezi kubaki wageni.

#2 – Asiyependa Sukari

Mleta uzi, umeandika vizuri, lakini ruhusa ya kukupinga uliyoitoa naitumia. Huyo Rink alikuwa nani pale? Ni mkaguzi wa serikali, mtu mwenye mamlaka juu ya biashara, chakula na adhabu. Biashara yote ya Greenland ilikuwa mikononi mwa kampuni moja ya Kifalme ya Denmark. Mgonjwa wa kifua kikuu anayepelekewa rangi na mtawala wake, je, ana nafasi ya kusema hapana? Urafiki unahitaji watu wawili wanaoweza kugombana. Mimi naona hapo mfadhili na mfadhiliwa, nasi vizazi vya baadaye tunapenda kuwaita marafiki ili tulale vizuri.

#3 – Mkalimani Mzee

Ndugu yangu, pingamizi lako ni la haki na sina nia ya kulizunguka. Mizani haikuwa sawa, na aliyeshika mtambo wa chapa ndiye aliyeamua nini kichapwe. Hata hivyo nitakuonyesha mahali ambapo nadhani unaweza kuuona urafiki ule na mahali ambapo unauona ukififia, kwa sababu vyote viwili viko kwenye kurasa.

Angalia jina la zile juzuu za Nuuk. Kwenye jalada la Kideni imeandikwa wazi kwamba hadithi hizo zimeandikwa na kutolewa na wenyeji. Lugha ya Kalaallisut imetangulia, Kideni kinafuata. Msomaji aliyekusudiwa kwanza ni jirani wa Aron, si profesa wa Copenhagen. Ndiyo maana zilichapwa kulekule, kwa mikono ya Wagreenland, kwa gharama ya usumbufu ambao mtawala asiyejali angeuepuka kwa kuzipeleka Denmark zikachapwe haraka. Zaidi ya hapo, hizi zilikuwa hadithi ambazo wamisionari walizihesabu kuwa mabaki ya upagani. Mtu mwenye cheo alipoziomba ziandikwe, na akaziweka kwenye kitabu chenye picha, alikuwa anamwambia Aron kwamba mambo aliyoyasikia kwa wazee wake hayakuwa uchafu.

Sasa geukia upande wa pili. Mwaka 1866 Rink alitoa Copenhagen kitabu kikubwa cha ngano hizo kwa Kideni peke yake, akakifuatishia nyongeza mwaka 1871, na mwaka 1875 kikatoka Kiingereza. Humo alifanya jambo ambalo yeye mwenyewe hakulificha: pale alipokuwa na hadithi moja kutoka kwa wasimulizi kadhaa, alizilinganisha, akazipunguza, akatengeneza moja iliyokaa sawa. Kwa mtaalamu wa zama zile ilikuwa njia ya kisayansi. Kwangu mimi, hapo ndipo rafiki alipogeuka kuwa chanzo. Sauti ya Aron, ambayo katika juzuu za Nuuk unaisikia ikikohoa na kucheka, katika kitabu cha Copenhagen imechanganywa na sauti za wengine mpaka haina mwenyewe.

Kwa hiyo nakubaliana nawe nusu. Ninachokikataa ni kwamba kutokuwa sawa kunaufuta urafiki wote. Kungekuwa hivyo, sisi wengi tusingekuwa na marafiki.

#4 – Mwanafunzi wa Isimu

Shikamoo mzee. Mimi ningeomba jambo moja, kama hutachoka. Umesema ulikuwa unakwama kwenye maneno. Tungependa kuyaona hayo maneno, kwa sababu mara nyingi tunaambiwa kwamba lugha za Wainuiti ni ngumu mno, kisha hatuonyeshwi ugumu wenyewe. Je, Kiswahili kinasaidia au kinazuia?

#5 – Mkalimani Mzee

Marahaba mwanangu, na hilo ndilo swali nililokuwa nalingojea.

Kiswahili kinasaidia kuliko nilivyotarajia, na wakati mwingine kinakishinda Kideni palepale Rink alipotoa jasho. Chukua nafsi ya tatu. Katika Kalaallisut, kama kwetu, hakuna tofauti ya mwanamume na mwanamke katika kitenzi. Sisi tunasema "alikuja" na msikilizaji anangoja kujua ni nani. Kideni hakina subira hiyo, mfasiri lazima achague *han* au *hun* kuanzia sentensi ya kwanza. Katika ngano ambayo mgeni anaingia nyumbani usiku na wenyeji hawajui kama ni mtu, mnyama au mzimu, kuchagua mapema ni kuvujisha siri ya msimulizi. Mimi naandika "aliingia, akakaa karibu na taa", na fumbo linabaki fumbo.

Lakini hapohapo lugha ile inatuzidi. Sisi tukisema "alimchukua mbwa wake", mbwa anaweza kuwa wa mchukuaji au wa mtu mwingine, na watu wamefikishana mahakamani kwa mambo madogo kuliko hayo. Kalaallisut hutenganisha: *qimmini* ni mbwa wake mwenyewe, *qimmia* ni mbwa wa yule mwingine. Msimulizi anaweza kuendesha wahusika wawili ukurasa mzima bila kutaja majina yao na usipotee. Kwa Kiswahili nalazimika kurudisha majina, na sentensi inakuwa nzito kama nguo iliyolowa.

Halafu kuna neno *inua*. Kwa asili ni "mtu wake", likitokana na *inuk*, mtu. Kila kitu chenye nguvu kina *inua*: bahari, mlima, hata hali ya mtu. Katika ngano ya Kaassassuk, yatima aliyelazwa pamoja na mbwa kwenye njia ya kuingilia nyumba na kunyanyuliwa kwa kutiwa vidole puani mpaka matundu ya pua yakatanuka, mtoto huyo anakwenda milimani kuita msaada, na anayetokea ni *pissaap inua*, mnyama mkubwa anayemviringishia mkia na kumbwaga chini, na kila anapobwagwa vinamdondoka vitu vilivyomzuia asikue. Wafasiri wa Ulaya wameandika "bwana wa nguvu" au "roho ya nguvu". Vyote viwili vinanikera: cha kwanza kinaleta ikulu, cha pili kinaleta kanisa. Nilizunguka wiki nzima kabla sijakumbuka kwamba nyumbani tukipita mahali pa kutisha tunaambiwa tusipige kelele kwa kuwa pale pana wenyewe. Basi nikaandika "mwenyewe wa nguvu". Sijui Berthelsen angesema nini, lakini nadhani angetikisa kichwa kwa kukubali.

Jina la yule mwanamke wa vilindini aliyeshika wanyama wote wa baharini, ambaye wawindaji wakivunja miiko huwanyima sili, ni fundisho jingine. Vitabu humwita Mama wa Bahari. Kwa Kigreenland ni *Sassuma Arnaa*, na katika jina hilo hamna bahari wala mama. *Arnaa* ni mwanamke wake, na *sassuma* ni kionyeshi, neno la jamii ya "yule" na "kule", lakini lenye kubainisha kwamba huyo anayeonyeshwa yuko chini, upande wa majini. Lugha ile ina vionyeshi vya juu, chini, ndani, nje, na vyote hupimwa kwa pwani na bara. Kwa hiyo jina ni karibu na "mwanamke wa kule chini". Watu hawakumtaja, walimwonyesha tu.

Nimeacha mwisho kidude kidogo kinachonisumbua kuliko vyote. Ni kiambishi *-gooq*, kinachogandishwa mwishoni mwa neno, na maana yake ni kwamba msemaji hakuona kwa macho yake bali ameambiwa. Wasimulizi wa kale wanakitumia kila baada ya hatua mbili. Si shaka, ni adabu, msimulizi anawapa waliomtangulia haki yao. Kwa Kiswahili nifanyeje? "Eti" ina kejeli ndani yake. "Inasemekana" inanuka gazeti. "Walisema" inataka kujua ni akina nani. Niliwahi kukifuta chote, na hadithi ikageuka kuwa ripoti ya mtu anayejifanya alikuwepo.

Ninaeleza haya yote kwa urefu kwa sababu hapa ndipo ninapoona nyumba ya Rink usiku wa baridi. Mambo kama haya hayatatuliwi kwa kamusi, na kamusi kubwa ya Samuel Kleinschmidt yenyewe ilitoka mwaka 1871, wakati juzuu zote za Nuuk zilikuwa zimekwisha chapwa. Ilibidi mtu amuulize mtu.

#6 – Binti wa Bagamoyo

Hapo kwenye jalada la kitabu mmenigusa. Nimekumbuka *Desturi za Wasuaheli* ya mwaka 1903, ambayo nje ina jina la Mjerumani Carl Velten, ilhali sehemu kubwa ya maneno ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa kwetu Bagamoyo, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Kwa hiyo ninapomsoma mleta uzi akisema jina la mwenyeji lilitajwa, nauliza: lilitajwa jalada la nje, au ndani ambako hakuna anayefika?

#7 – Msafiri wa Theluji

Naomba niongeze kipande kinachohusiana. Miaka sitini na zaidi baada ya tangazo la Rink, Knud Rasmussen alianza msafara wake mkubwa wa mwaka 1921 hadi 1924, akivuka kwa mbwa kutoka Ghuba ya Hudson hadi Alaska. Alizaliwa Ilulissat mwaka 1879, akakulia kwenye lugha ile, na kwa kuwa lahaja za Wainuiti zina udugu mkubwa aliweza kuzungumza na watu wa mbali bila mkalimani. Majira ya baridi ya mwaka 1922 alikaa na mganga aitwaye Aua, katika nchi ya Waigluliki, Kanada. Alimwuliza usiku baada ya usiku sababu ya miiko na hadithi zao. Mwishowe Aua alimtoa nje kwenye upepo wa theluji, akamwonyesha wawindaji wanaorudi mikono mitupu, kisha nyumba ambayo taa yake ya mafuta iliwaka kwa mwali hafifu usiotoa joto, kisha dada yake mgonjwa, na kila mahali akamrudishia swali lilelile: kwa nini? Maana ya jibu lake ilikuwa kwamba wao hawaamini, bali wanaogopa.

Nimelitaja hili kwa ajili ya ndugu Asiyependa Sukari. Alisema urafiki unahitaji watu wanaoweza kugombana. Aua alichoka na maswali ya mgeni wake, akamgeuzia kibao, naye Rasmussen akaandika aibu yake kitabuni pamoja na mengine.

#8 – Asiyependa Sukari

Huyo Aua nimemkubali. Rink bado namchunguza.

#9 – Mkalimani Mzee

Endelea kumchunguza, ndivyo inavyofaa.

Binti wa Bagamoyo, nimekaa na swali lako tangu asubuhi. Jibu la kweli ni kwamba jalada la juzuu za Nuuk linawataja wenyeji kwa ujumla wao, bila jina la mmoja mmoja, na vitabu vya Ulaya vilibeba jina la Rink. Kwa hiyo wako katikati: wako mbele ya kitabu cha Velten, lakini hawajafika. Kilichofanya jina la Aron lijulikane ni picha zake. Signe Rink hakuzitupa baada ya mumewe kufariki mwaka 1893. Zilihifadhiwa, zikakaa Denmark miaka mingi, na mwaka 1982 Jumba la Makumbusho la Taifa la Denmark lilizirudisha Greenland, pamoja na zile za Jens Kreutzmann, mwindaji mwingine mchoraji kutoka Kangaamiut. Leo ziko Nuuk, umbali wa safari fupi ya mashua kutoka Kangeq, ambako hakuna tena anayeishi.

Nimezitazama kwenye kitabu mara nyingi. Jambo moja linanirudisha daima: watu wa Aron wana viungo vizito na wanakimbia. Wote wanakimbia, wanarusha mikuki, wanapanda majabali, wanapindua kayaki. Zimechorwa na mtu asiyeweza kusimama.

Kuhusu *-gooq*, mwanafunzi wangu wa isimu, nitakuambia nilipofika, nawe uniambie kama panafaa. Nyanya yangu alipokuwa akitusimulia, kila baada ya muda alikuwa akikatisha hadithi na kusema "ndivyo nilivyopokea", kisha anaendelea. Hakutaja alipokea kwa nani, nasi hatukuuliza. Nimejaribu kuiweka hiyo katika ngano ya Kaassassuk, mara tano tu katika kurasa saba, pale msimulizi wa Kigreenland anapoirundika zaidi. Bado sijaridhika na ile ya tatu, mahali ambapo dubu watatu wanaonekana juu ya barafu na watu wa kijiji hawajui bado kwamba yatima amekuwa na nguvu. Kesho jioni nitaibandika hapa aya hiyo yote, ikiwa na neno hilo na isipokuwa nalo, tuisome pamoja.